Jina la Chuo na Haki ya Wanaobaki Nyumbani

Mazungumzo na viongozi wa walei na wazazi, Songea



Tumeombwa tuzungumze juu ya uchaguzi wa chuo. Tunajua baadhi yenu mmeshangaa. Mmezoea Tume ya Haki na Amani ikiwaita kwa habari za mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na mashauri ya mabaraza ya ardhi; mambo ya vyuo mnayaona ni ya walimu na ya watoto wenyewe. Tutawaeleza kwa nini tumekubali, na tutaanza na shauri la shamba.

Familia hiyo hatutaitaja, wala kijiji chake. Baba ni mkulima wa mahindi na tumbaku upande wa Namtumbo. Kijana wake wa kwanza alifaulu vizuri kidato cha sita, akapata nafasi katika vyuo vikuu viwili kwa masomo yale yale ya ualimu. Chuo cha kwanza ni kikubwa, kiko Dar es Salaam, na kila mtu kijijini amekisikia redioni. Cha pili ni kidogo, kiko mkoa wa jirani, na huko shirika moja la watawa lilikuwa tayari kumlipia kijana ada na bweni kwa miaka yote mitatu. Kikao cha ukoo kikakaa. Wajomba walikuwepo, shangazi alikuwepo, na baba mkubwa ndiye aliyezungumza mwisho. Alisema kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na mtu katika chuo kile cha Dar es Salaam, na kwamba Mungu akifungua mlango mkubwa si adabu kupita dirishani. Neno hilo lilimaliza kikao.

Mkopo ulipotoka, ulikuwa wa sehemu tu ya gharama. Zikauzwa ekari tatu za bondeni. Mwaka wa pili fedha zikakatika kabisa, kijana akarudi nyumbani bila cheti. Ndipo ndugu wa baba wakadai kwamba zile ekari zilikuwa za urithi na wao hawakushirikishwa, na shauri likatufikia sisi.

Tulikwenda kusikiliza pande zote mbili. Tulipokuwa tumekaa chini ya mwembe, binti mmoja alituletea maji ya kunywa. Tuliuliza habari zake kwa ajili ya mazungumzo tu. Kumbe mwaka ule ule wa kikao yeye naye alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na fedha alizokuwa amewekewa zilisafiri na kaka yake. Hakuitwa kikaoni. Tulipomwuliza kama alipinga, alijibu, “Baba, mimi nilisikia kwa mama, jikoni, kwamba zamu yangu itafika.”

Ndugu wapendwa, walalamikaji waliokuja mbele yetu siku ile walikuwa wanaume watatu wenye madai ya ekari tatu. Aliyedhulumiwa zaidi alikuwa ameshika kata ya maji, na hakuwa na dai lolote lililoandikwa.

Kanisa limefundisha wazi juu ya jambo hili. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulisema kwamba watu wote wana haki ya kupata elimu, na kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Watu wote, maana yake na yule aliye jikoni. Uamuzi wa mtoto mmoja asome wapi hugawa mali ya nyumba nzima; kwa hiyo ni tendo la haki au la dhuluma hata kama hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Baba yule hakukusudia ubaya. Alimpenda mwanawe, na aliliheshimu neno la kaka yake.

Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Mfano huo aghalabu tunautumia kuwakumbusha vijana wajibu wa kurudi kuwatumikia watu wao, na ni sawa. Lakini una upande wa pili ambao hatuuzungumzi sana. Kijiji kinapotoa chakula chake cha mwisho, hakina budi kuuliza kwanza kama njia anayotumwa huyo mjumbe inafika. Tena wote wenye njaa wanapaswa kuwepo wakati chakula kinapofungwa, pamoja na watoto.

Sasa tutazame jinsi mambo yenyewe yalivyo, kwa sababu wazazi wengi wanaamua kwa kumbukumbu za zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Kwa miaka mingi aliyefika chuo kikuu alisomeshwa na serikali, na kazi ilimngoja. Wazee wetu walilijua neno “chuo kikuu” katika hali hiyo, na ndiyo sababu likitamkwa mbele yao hawaoni gharama. Katika miaka ya 1990 ilikuja sera ya kuchangia gharama. Kisha sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Vyuo navyo vimeongezeka sana: Dodoma, Mbeya, Iringa, Mwanza, Mtwara, na hapa hapa Songea tuna kituo cha Chuo Kikuu Huria na tawi la Chuo cha Uhasibu Arusha.

Mkopo ni mkopo. Tunalisema hili kwa sababu tumewasikia wazazi wakisema mtoto wao “amepewa na serikali”. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Akipata mshahara wa shilingi 800,000, shilingi 120,000 zinaondoka kila mwezi kabla hajamkumbuka mama yake. Ni kweli mzigo umepunguzwa: ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na ile adhabu ya asilimia 10 ziliondolewa mwaka 2021. Lakini deni lenyewe lipo. Ufadhili wa kweli ni kitu kingine, na anayeupata hana budi kuupima kwa uzito wake. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa na Samia Scholarship kwa wale waliofanya vizuri sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Mashirika ya kitawa, majimbo na wafadhili wa watu binafsi nao husomesha vijana. Wanaobahatika ni wachache, na ndiyo maana inatuuma tunapoona nafasi kama hiyo inakataliwa kwa sababu chuo hakijulikani kilabuni.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo wageni hulishangaa. Katika nchi nyingine vyuo vyenye jina kubwa ndivyo vyenye ada kubwa. Kwetu sisi vyuo vikuu vya umma vyenye sifa kuu mara nyingi vina ada nafuu kuliko vyuo binafsi vidogo. Kwa hiyo mzazi hutazama ada peke yake, akafurahi, akasema chuo kikubwa ndicho rahisi. Kinachomwangusha ni chakula, chumba, nauli na mahitaji ya kila wiki katika jiji lililo mbali na Songea zaidi ya kilomita 900. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijana anahitaji shilingi 150,000 kila mwezi juu ya kile anachopata katika mkopo. Kwa miezi 10 ya masomo ni shilingi 1,500,000. Kwa miaka mitatu ni shilingi 4,500,000. Tukiuza gunia la mahindi shilingi 60,000, hayo ni magunia 75. Kila mzazi aliyepo hapa anajua ekari zake zinatoa magunia mangapi, anajua bei ya mbolea, na anajua siku anazokaa akingoja malipo baada ya kupeleka mahindi ghalani. Hatuhitaji kumalizia hesabu hiyo kwa niaba yenu.

Je, basi tunasema maskini wasiende kwenye vyuo vikubwa? La hasha. Tungekuwa wanafiki. Jina la chuo lina faida za kweli: maktaba, walimu waliobobea, wenzake atakaokutana nao bwenini, ambao kesho watakuwa maofisini. Mtoto wa tajiri ana mjomba wa kumfungulia mlango. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo hana mjomba huyo, na pengine jina la chuo ndilo mjomba wake pekee. Tumewahi kuwasikia watu wenye uwezo wakiwaambia wenzao kanisani kwamba “chuo ni chuo tu”, na huku watoto wao wenyewe wamewapeleka kwenye majina. Unyenyekevu wa namna hiyo, unaohubiriwa kwa wengine, hatuukubali.

Tunachosema ni kwamba faida ya jina inatofautiana kwa kazi na kazi, na inafaa kuuliza. Anayetaka kuwa wakili, awe ametoka chuo kikubwa au kidogo, atapita katika Shule ya Sheria ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko wote hufanya mitihani ile ile. Daktari hupitia mwaka wa mafunzo kwa vitendo na kusajiliwa na baraza lake. Ajira nyingi za serikali zinapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wa maandishi na wa mahojiano, na kwenye karatasi ya usaili jina la chuo halijibu swali hata moja. Kwa kijana wa ualimu tuliyemtaja mwanzo, tofauti kati ya vyuo vile viwili ilikuwa ndogo kuliko baba mkubwa alivyodhani. Kwa kijana mwingine, mwenye kipaji cha uhandisi au utafiti, ingeweza kuwa kubwa sana.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikutana na uchaguzi wa namna hii, ingawa wake ulikuwa wa mahali pa kufundisha. Alipomaliza Makerere mwaka 1945, shule mbili za Tabora zilimtaka: ile ya serikali, iliyokuwa na heshima kuliko zote nchini, na St. Mary’s ya Mapadre Weupe, iliyokuwa bado changa. Ajira ya serikali ilikuwa na pensheni, na alikumbushwa faida hizo. Akachagua St. Mary’s. Mwaka 1949, akiungwa mkono na mapadre hao hao, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili, akapata shahada yake mwaka 1952. Hatudai kwamba shule ndogo ndiyo iliyomfanya kuwa Rais. Hakuna ajuaye angekuwa nani kama angekwenda kule kwingine. Tunataja habari hiyo kwa kuwa wengi hapa wanamheshimu Mwalimu na hawajui kwamba aliwahi kuacha jina kubwa akalichukua dogo, kwa hiari yake, akijua anachokiacha.

Kwa hiari yake. Hapo ndipo hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa parokia tuliyokuwa tukiitumikia alipata nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kinachosifika. Alithibitisha nafasi yake kwa Tume ya Vyuo Vikuu kama inavyotakiwa, akangoja mkopo. Orodha ya awamu ya kwanza ikatoka. Jina lake halikuwemo. Wakati huo huo wafadhili waliokuwa wakisaidia parokia walikuwa tayari kumlipia stashahada ya utabibu katika chuo cha karibu, lakini walitaka jibu ndani ya wiki moja. Binti alikuja na mama yake kutuomba ushauri. Tulimwambia ashike kilicho mkononi. Tulisema kwa upole, na tulisema kwa mamlaka. Mnajua jinsi neno la padre linavyosikilizwa katika nyumba ya mjane. Akakubali, akatia saini, akaanza masomo. Awamu iliyofuata ya mikopo ilipotangazwa, jina lake lilikuwemo, na kiasi alichopangiwa kilikuwa kizuri.

Leo ni tabibu, anafanya kazi njema, na wagonjwa wanampenda. Akituona hutusalimu kwa furaha. Hajatulaumu hata siku moja. Sisi tunajua kwamba hatukumwuliza yeye anataka nini, na kwamba hatukuwaandikia wafadhili kuwaomba wiki tatu badala ya moja. Barua ile ingetugharimu nusu saa. Sisi tuliosoma seminari hatukuwahi kuchagua chuo. Tulipangiwa, tukapanda gari, tukaenda. Pengine ndiyo sababu hatukujua kwamba kungoja nako ni kazi inayohitaji kusaidiwa.

Na hapa pana ugumu ambao hamtakiwi kuufichwa: mara nyingi kijana hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kabla hajajua kiasi cha mkopo atakachopata. Anaamua gizani. Familia yenye akiba hulivumilia giza hilo. Familia isiyo na akiba huogopa, na katika hofu hushika jina kubwa kwa fahari au hushika ufadhili wa kwanza kwa woga. Viongozi wa jumuiya mnaweza kusaidia. Kama mfadhili yuko tayari, mwulizeni kwa barua kama atangoja orodha za mikopo zimalizike. Wengine watakataa, na hiyo ni haki yao. Wengine hawakujua tu kwamba orodha zinatoka kwa awamu.

Ufadhili nao usomwe. Upo mkataba unaomtaka kijana, baada ya masomo, afanye kazi katika hospitali au shule ya mfadhili kwa miaka kadhaa. Hatuoni ubaya katika hilo. Ni njia ya haki ya kulipa fadhila, na hospitali za vijijini zinahitaji watu. Lakini isomwe miaka ni mingapi, mshahara utakuwa wa nani kuupanga, na itakuwaje kijana akiugua, au binti akipata mtoto kabla ya muda kwisha. Tumeona mkataba mmoja ambao haukusema lolote juu ya mfadhili kushindwa kulipa katikati ya safari, ila ulisema mengi juu ya mwanafunzi kushindwa. Karatasi kama hiyo irudishwe kwa heshima, iandikwe upya.

Kadhalika kiulizwe kibali cha chuo na cha masomo yenyewe, hata kama chuo kina jina la mtakatifu. Watu wa Songea hawahitaji kwenda mbali kwa mfano. Mwaka 2016 Tume ya Vyuo Vikuu ilifuta vibali vya vyuo vishiriki vilivyokuwa hapa hapa mjini kwetu, wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine, na wazazi wengi waliokuwa wamekodi vyumba kwa ajili ya watoto wao walianza hesabu upya. Orodha ya vyuo na masomo yaliyoidhinishwa hutolewa na Tume hiyo kila mwaka. Katibu wa parokia anaweza kuipata kwa simu.

Limebaki jambo dogo, ambalo kwa uzoefu wetu huwaangusha watoto wa maskini kuliko yote. Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF ionyeshe uthibitisho wake. Sasa, ni wangapi katika vijiji vyetu waliowazika wazazi wao wakachukua cheti cha kifo? Baba alizikwa, arobaini ikapita, na karatasi hakuna aliyeikumbuka. Baada ya miaka 12 mtoto anaomba mkopo na mbele ya Bodi hawezi kuonyesha kwamba ni yatima. Huyu hana uchaguzi kati ya chuo kikubwa na kidogo. Ameondolewa mapema, mezani hajafika. Daftari zetu za ubatizo na za mazishi zina tarehe ambazo familia zimezisahau, na makatibu wa parokia wasiwafukuze wanaokuja kuziuliza nje ya saa za ofisi.

Kuhusu ile familia ya Namtumbo: ndugu wamekubali kusuluhishwa, na mnunuzi wa shamba ameahidi kuziuza tena ekari mbili kwa bei aliyonunulia, kwa malipo ya misimu miwili. Kijana ameomba kuendelea na masomo kupitia Chuo Kikuu Huria hapa Songea huku akifundisha kwa muda. Binti ametuletea vyeti vyake wiki iliyopita. Alama zake bado zinamruhusu kuomba uuguzi, lakini cheti chake cha kuzaliwa kina jina lililokosewa herufi mbili, na dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Mama Katibu wa Tume anayo hapa fomu ya kiapo. Tunahitaji mtu mmoja mwenye gari anayekwenda mjini kesho asubuhi, na wawili wanaomfahamu binti huyu tangu utoto. Tukishapata hao, tutapokea maswali.